Paka wangu anakoroma na yuko macho, naomba ushauri

Asalaam aleikum. Niko Wete, Pemba. Paka wangu jike, miaka miwili hivi, tangu Jumatatu pua imeziba. Akivuta pumzi unasikia mkoromo kama wa mzee aliyelala, na yeye yuko macho anakutazama! Kamasi lilianza jepesi, sasa zito la manjano, na jicho moja linatoka machozi. Dagaa aliokuwa akiwagombania anawanusa tu na kuwaacha. Jana akiwa amelala nilimhesabia pumzi: 28 kwa dakika, mdomo kafunga, nikapata moyo kidogo.

Shoga yangu kaniambia nimpe robo ya panadol. Nimekataa, dawa hiyo huua paka hata ikiwa kidogo. Bibi anasema ni moshi wa udi. Kweli twafukiza, ila chafya zilianza kabla.

Namfuta pua kwa maji ya vuguvugu, na wenzake wawili nimewatenga.

Mliowahi kuuguza paka hivi, mafua haya yaliisha yenyewe au mlimpeleka kwa daktari wa mifugo? Na nimpe chakula gani chenye harufu kali? Leo siku ya pili hajala vizuri.