Naomba ushauri: matumbawe yangu yanabadilika rangi, shida ni taa au maji?

Habari zenu wakuu, niko Tanga hapa Raskazone, nina tangi la maji ya bahari la lita 200 sebuleni, samaki wachache na matumbawe nliyopewa na jamaa anayezalisha vipande kwenye tangi lake. Yalikuja na rangi kali kweli, zambarau na kijani, sasa la zambarau lililoko chini limegeuka kahawia na la kijani lililo juu karibu na taa linapauka, ndo maana nimechanganyikiwa, manake ninavyojua kahawia ni ule mwani mdogo unaoishi ndani ya tumbawe umeongezeka, ama mwanga hautoshi ama naitreti (ile mbolea inayotokana na uchafu wa samaki kwenye maji) iko juu, na kupauka mara nyingi ni mwanga umezidi, sasa tangi moja lina yote mawili?

Taa ni LED ya bluu na nyeupe, inawaka masaa 10 kwa siku. Joto 26, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganisha na maji baridi), naitreti 20 ppm. Kipimo cha mwanga sina, bei yake mnaijua wenyewe. Nimejaribu kushusha nyeupe nikaacha bluu, hapo rangi zinawaka kama disko ila nyeupe ikirudi kahawia iko palepale, kwa hiyo bluu naona inanidanganya macho tu.

Nianze na kushusha naitreti au niyabadilishane nafasi kwanza? Na la zambarau nikilipandisha, nilisogeze kwa kasi gani lisiungue?