Ushauri: Sista anataka nichome magnesiamu, mkojo wa mama ni kidogo

Mkunga_Mtarajiwa
Habarini wakuu. Nasoma diploma ya uuguzi na ukunga mwaka wa tatu, niko mazoezini wodi ya wazazi. Juzi usiku mama mwenye kifafa cha mimba alifikia muda wa dozi ya magnesiamu salfeti, ile dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 za tako. Sista akanituma nikachome peke yangu. Kucheki mfuko, mkojo wa masaa manne ni mililita 70 tu! Nikamwambia, akajibu "ratiba ni ratiba, kachome." Sikuchoma. Nikamwita daktari wa zamu, akasimamisha dozi. Tangu siku hiyo sista hanisemeshi, na ndiye anayesaini kitabu changu cha mazoezi. Nifanyeje?

Bibi Mkunga
Mwanangu, ulifanya sawasawa. Kabla ya kurudia dozi: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mguu unaruka ukigonga chini ya goti, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Huyo kwa masaa manne alitakiwa awe na 120. Dawa hii hutolewa na figo. Mkojo ukipungua inajaa mwilini, goti linakufa kwanza, halafu pumzi. Na kabla hujavunja kichupa, ujue kalsiamu glukoneti, dawa ya kupoza magnesiamu ikizidi, imewekwa wapi. Ni gramu 1 kwenye mshipa, polepole. Kuitafuta kabatini mama ameshaacha kupumua ni kumpoteza.

Nesi wa Zamu
Nakubali, ila sista naye kurukwa kunamuuma, na usiku wodi nzima inamwelemea mtu mmoja. Ukimwendea mkubwa, mpe namba na ombi: "Sista, mkojo ni 70 kwa masaa manne, naomba tumpigie daktari pamoja." Hapo humpingi, unamshirikisha.

Mkunga_Mtarajiwa
Na akikataa hata hivyo?

Bibi Mkunga
Mpigie daktari vilevile. Andika kwenye chati saa, mkojo, pumzi, goti, na uliyemwarifu. Wewe bado huna leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, dawa unaitoa chini ya usimamizi. Kutumwa peke yako na dawa kama hiyo ni kosa tayari.

Mwalimu wa Kliniki
Kuhusu kitabu, mweleze mkufunzi wako wa chuo wiki hii hii, usingoje siku ya mwisho. Lakini anza na sista mwenyewe. Mpe shikamoo yake, mkae pembeni kabla ya kupokezana zamu, umwombe akuelekeze kumpima mama huyo goti.

Mkunga_Mtarajiwa
Shikamooni, na asanteni sana. Leo naingia usiku, naye yupo. Nitawahi.