Mama hajawahi kugusa pombe, hospitali imemwandika ini la ulevi

Wakuu, nina hasira na siombi radhi.

Mama yangu ni Msabato wa Sengerema, hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Ana sukari, ana presha, na mwili ni mkubwa. Altrasaundi ya hapa Mwanza ikaonyesha ini lina mafuta. Hilo sibishi. Ila fomu ya rufaa imeandikwa msimbo wa ugonjwa K70.0, yaani ini lenye mafuta kwa sababu ya pombe! La kwake ni K76.0, ini lenye mafuta lisilo la pombe.

Huko alikopelekwa akapokewa na "mama, pombe uache", mkwe wake yuko palepale. Mama hakujibu. Alivuta tu kitenge akajifunika mikono.

Nikawarudia walioandika rufaa. Kijana wa kumbukumbu akanigeuzia kompyuta: daktari kaandika ini lina mafuta, basi. Mfumo ukaleta orodha ya misimbo, kijana akabofya wa juu. Angejuaje? Faili halisemi kama mama aliulizwa habari za pombe. Uzito haupo, sukari haijatajwa, homa ya ini B haijulikani kama ilipimwa. Na hapa ni ziwani jamani! Kichocho cha tumbo kinaharibu maini ya watu huku kila siku, na huyu mama kachota maji ziwani tangu utoto. Hakuna hata neno moja.

Tangu Juni 2023 mabingwa wa ini duniani wameupa ugonjwa huu jina jipya, wakaufunga na uzito, sukari, presha na mafuta ya kwenye damu. Kimojawapo kinatosha. Mama anavyo vitatu, na uzito unaonekana kabla hata hajakaa kwenye kiti.

Kinachoniuma zaidi ni FIB-4, hesabu ya kukadiria kama ini lina makovu. Inataka umri, vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Majibu yote yako kwenye karatasi ya maabara, hesabu unapiga kwa simu. Kwa umri wake, ikitoka chini ya 1.3 uwezekano wa ini kuwa na makovu makubwa ni mdogo. Hakuna aliyeipiga. Wamepata muda wa kumsema pombe tu.

Sasa naambiwa msimbo ukishaenda bima haubadilishwi. Barua kwa mganga mfawidhi nimepeleka, kimya. Aliyewahi kulazimisha faili lisahihishwe anielekeze: niende kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, au moja kwa moja Baraza la Madaktari?