Kitanzi hakijafanya kazi tangu 1994. Tukiondoe kwenye sheria au tukiache?

Mkaa Kimya (mleta mada):
Wakuu, salaam. Juzi nilimsindikiza jirani mahakamani, nikamsikia jaji akisoma hukumu ya kunyongwa hadi kufa. Ukumbi mzima kimya, feni tu ndiyo inalia. Mshtakiwa akamgeukia wakili wake akamuuliza, "Ni miaka mingapi?" Hakuwa ameelewa. Nimerudi nyumbani sijalala. Mara ya mwisho kunyonga mtu hapa kwetu ni 1994, enzi za Mzee Mwinyi. Mkapa kamaliza miaka kumi hakunyonga, JK vilevile, Magufuli 2017 akasema hadharani hatasaini. Sasa tunawasomea watu hukumu ambayo hakuna anayetaka kuitekeleza, ya nini? Naomba hoja, matusi pelekeni kwenye mpira.

Chuma Chakavu:
Itekelezwe. Anayeua naye auawe, habari imeisha. Watetezi wa wauaji ni watu ambao hawajawahi kuosha maiti ya ndugu yao.

Binti wa Mlimani:
Kiu ya damu nayo ni maradhi, kaka. Halafu kunyongana kwenyewe si kwetu, alituletea Mjerumani. Babu zetu mtu akiua walikaa chini, ng'ombe wakatolewa, koo zikapatana.

Chuma Chakavu:
Kiu ya damu? Mdogo wangu alikuwa bodaboda. Alikodiwa saa mbili usiku, tukamkuta asubuhi kwenye shamba la mkonge, pikipiki hakuna, viatu hakuna. Aliyemuua kahukumiwa, yuko gerezani anakula na kulala. Mama hadi leo hawezi kusikia pikipiki ikizimwa nje ya nyumba. Sasa niambie wewe msomi, ng'ombe wangapi?

Binti wa Mlimani:
Pole sana, kwa kweli sikujua. Lakini sikukusema wewe.

Chuma Chakavu:
Ulinijibu mimi, ukamsema nani? Feni?

Ndizi Mshale:
😂 Feni imeingiaje tena jamani.
Dada, hiyo ya ng'ombe usiipambe. Huko kwetu kulikuwa na mwavi pia. Unanyweshwa sumu, ukitapika umepona, usipotapika ulikuwa mchawi. Wahenga hawakuwa malaika.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Nirudi kwenye mada, nitakuwa mfupi. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 197: ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni kifo. Jaji hana uchaguzi. Awe jambazi sugu, awe mama aliyepigwa miaka kumi siku moja akamgeuzia mume panga, ikishathibitika ni kusudi, sentensi ni ileile. Jaji Mwalusanya kule Dodoma 1994, kesi ya Mbushuu, alisema adhabu hii inakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani 1995 ikakubali kabisa kwamba ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, halafu ikasema Ibara ya 30(2) inairuhusu kwa maslahi ya umma. Someni tena hapo: ni ukatili, ila unaruhusiwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iko hapo Arusha tu, ikasema Novemba 2019 kwenye kesi ya Ally Rajabu kwamba kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi, na kunyonga kwenyewe kunavunja utu. Mwezi huohuo serikali yetu ikajiondoa kwenye tamko linaloruhusu raia kwenda kuishtaki pale.

Ndizi Mshale:
"Nitakuwa mfupi." Ningekuwa mteja wako ningenyongwa ukiwa bado kwenye utangulizi.

Kivinje Mjini:
Mimi nina neno na huyu dada wa Mjerumani, na kwa hilo yuko sahihi kuliko anavyojua. Kwetu Kilwa Kivinje pana mahali panaitwa Mwembe Kinyonga. Hassan bin Omari, yule Makunganya aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kivinje 1895. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti 1905, Maji Maji ndiyo kwanza imewaka. Februari 1906 kule Songea wakanyongwa wazee wa Kingoni kwa makumi, na kila tarehe 27 Februari watu wanakusanyika kuwakumbuka. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi Machi 1900, kichwa inasemekana kilipelekwa Ujerumani, wajukuu wanakitafuta. Hapo hukumu zilikuwa za kutisha watu. Mti unachaguliwa penye njia ili kila apitaye aone.

Kidukulilo:
Mwembe Kinyonga si kwa sababu ya kinyonga, yule mjusi anayebadilika rangi? Nimefundishwa hivyo shuleni.

Kivinje Mjini:
Mwalimu wako alikuwa wa wapi?

Kidukulilo:
Singida. Ila alikuwa anajua.

Kivinje Mjini:
Mtu wa Singida anatufundisha mwembe wetu. Kunyonga, mwembe, kinyonga. Bibi yangu alikuwa haupiti ule upande jioni, na si kwa kuogopa mjusi.

Ndizi Mshale:
Kinyonga si mjusi.

Kidukulilo:
Ni jamii ya mijusi, kaangalie.

Mtoto wa Askari:
Naomba niingie. Baba yangu alikuwa askari magereza, gereza silitaji. Hakuwahi kutusimulia hadi alipostaafu, na alisimulia mara moja tu. Mfungwa anapimwa uzito, kwa sababu urefu wa kamba unafuata uzito wake. Kamba ikizidi, kichwa kinang'oka. Ikipungua, anakaa ananing'inia anakabwa polepole. Kabla ya siku wanajaza mchanga kwenye gunia uzito uleule, wanaliachia kwenye mlango wa sakafuni, linalala linaning'inia usiku kucha ili kamba ijinyooshe. Baba ndiye aliyekuwa anasoma mizani. Mpaka anakufa hakupanda mzani tena. Zahanati walimbembeleza, kasukari kanamsumbua, anakataa. Kwenye kadi yake pa uzito pameachwa wazi, kurasa zote.

Chuma Chakavu:
Pole kwa mzee. Lakini na yule aliyekuwa kwenye mzani naye kulikuwa na mtu alimuua.

Mtoto wa Askari:
Sijakataa. Nimesema habari za baba yangu.

Ustadh wa Ngazija:
Chuma, ndugu yangu, mimi nakuelewa. Hata Qur'an inatambua kisasi. Ila aya hiyohiyo, Baqara 178, inakupa wewe ndugu wa marehemu mlango: ukitaka usamehe, upokee diya, yaani fidia, kwa wema. Kwenye kifungu hicho cha 197 wewe hujaulizwa. Serikali inanyonga kwa niaba yako, au inakataa kunyonga kwa niaba yako, na mama yako hajaitwa popote.

Chuma Chakavu:
Hilo ni kweli. Siku ya hukumu tulipewa benchi la nyuma.
Lakini nisingesamehe.

Jirani Mkenya:
Watani, sisi mara ya mwisho ni 1987 pale gereza la Kamiti, Ochuka na mwenzake wa jaribio la mapinduzi la 1982. Kibaki 2009 akawabadilishia zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu 2017, kesi ya Muruatetu, ikamrudishia jaji uchaguzi. Na nchi haijaungua.

Ndizi Mshale:
Haijaungua mwaka gani? 😂

Jirani Mkenya:
Wewe utakufa unacheka.

Binti wa Mlimani:
Mkaa Kimya, umetuanzishia moto ukakimbia. Wakili alimjibu nini yule mshtakiwa?

Mkaa Kimya:
Nipo, nasoma. Alimwambia, "Tutakata rufaa." Jamaa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa daladala ijayo haichelewi. Halafu akamuuliza askari kama sandali zake atarudishiwa.

Kidukulilo:
Kivinje Mjini, nikija mwezi ujao utanionyesha huo mwembe?

Kivinje Mjini:
Njoo. Nauli yako, samaki wangu. Ila yule mwalimu wako muache Singida.