The Wild Geese (1978) au The Expendables (2010): ipi nimwekee mzee wangu Jumamosi?

Kisiki: Wakuu, salaam. Mzee wangu anakaribia miaka 70, mzaliwa wa Ujiji, na muvi za vita anazipenda sana. Jumamosi nakwenda kwake na zimebaki mbili hizi za mamluki wazee. Itatosha moja tu, maana saa nne usiku keshalala. Mlioziona zote, nishaurini.

Gongo la Mto: Expendables, mkuu. Sylvester Stallone aliiongoza mwenyewe na kucheza akiwa na miaka 60 na ushee, na kwenye pambano na mwanamieleka Steve Austin akavunjika mfupa wa shingo. Subiri pale gatini: ndege inageuza, Statham amechomoza kifua puani mwake anamimina risasi, kisha mafuta yanamwagwa juu ya gati na moto unalipuka. Mzee hatakaa kitini.

Mwana Tanga: Nimeziona zote. Expendables ni tamu, ila uzee wao uko usoni tu, mapigo ni ya vijana. Mimi nilichobaki nacho ni Mickey Rourke akichora gitaa huku machozi yanamtoka, anasimulia mwanamke wa Bosnia aliyemwacha ajirushe darajani. Dakika chache, halafu mabomu yanaendelea.

Wild Geese uzee unauma tangu mazoezini, watu wazima wanahema huku sajini akiwakimbiza. Na ule mwisho (asiyeiona aishie hapa). Ndege ya Dakota inaondoka, Richard Harris anaikimbilia na mguu wenye risasi, Richard Burton, anayecheza kiongozi wao, kanyoosha mkono mlangoni, hawafikiani. Harris anamwomba rafiki yake ammalize asikamatwe hai. Sisi tuliozoea kuwa steringi hafi, sebule nzima ilinyamaza.

Mjukuu wa Baraka: Niseme la kwangu. Mshauri wa kijeshi wa Wild Geese alikuwa Mike Hoare, aliyeongoza mamluki wa 5 Commando huko Kongo dhidi ya waasi wa Simba, 1964 na 1965. Mamluki hao walipoteremka Baraka, mji wa Kongo ufukweni mwa ziwa, babu yangu alivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi hadi Kigoma, shangazi mgongoni. Mpaka anafariki, akisikia ndege inapita chini alikuwa anatoka nje kuangalia juu. Kwenye filamu askari wa kambini wanauawa kwa gesi ya sumu wakiwa vitandani, na hakuna hata mmoja tunayeambiwa jina lake. Mimi siwezi kuwashangilia hao wazee.

Mwana Tanga: Pole sana ndugu yangu, na hilo la vitandani liliniumiza pia. Kinachonirudisha kwenye filamu hii ni Winston Ntshona, anayecheza Limbani, kiongozi mgonjwa waliyetumwa kumtorosha. Kaburu Coetzee anambeba mgongoni porini, wanabishana kuhusu Afrika Kusini, na polepole maneno yanabadilika. Hayo yalipigwa picha Afrika Kusini kwenyewe, wakati ubaguzi ungali sheria.

Gongo la Mto: Kwa hili la babu, nimeondoa kura yangu. Mwekee ya 1978, Expendables itasubiri siku nyingine.

Kisiki: Nimeamua Wild Geese, na habari za Hoare nitamsimulia mzee kabla sijabonyeza. Mjukuu wa Baraka, miaka ile mzee wangu alikuwa mtoto wa kushinda ufukweni Ujiji. Huenda aliwaona akina babu yako wakishuka kwenye mitumbwi. Nitamuuliza, nitakuletea jibu hapa Jumapili.