Breki ya dramu ya waya kwenye pikipiki za zamani: tupeane uzoefu

Mwana wa CG, Mtwara
Wakuu, salaam. Nina Honda CG 125 niliyoachiwa na marehemu baba. Breki ya mbele ni ya dramu, inavutwa kwa waya. Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nashuka kutoka Newala kwenda Masasi, gunia nyuma. Katikati ya mteremko nabana breki, mkono wa breki ukaja mpaka ukagusa usukani, chombo hakipungui mwendo. Nilifika tambarare kwa gia ya pili na breki ya mguu. Niliposimama, mikono ilikuwa inatetemeka.

Kosa nimelijua baadaye. Miezi yote nilikuwa nakaza ajasta (skrubu ya kurekebisha waya) ya juu tu, ile ya mkononi, kwa kuwa haihitaji spana. Sasa ya juu nairudisha ndani yote, naenda chini kwenye dramu, nakaza nati ya waya hadi tairi ianze kusugua, kisha nailegeza kidogo kidogo hadi tairi izunguke huru. Ncha ya mkono wa breki icheze milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Ajasta ya juu naiacha kwa marekebisho madogo ya njiani. Wenzangu mnafanyaje?

Fundi wa Mkanaledi
Pole sana mkuu, Mungu amrehemu mzee. Hapo umefanya nusu, bado ekseli, ile nondo inayopita katikati ya tairi. Kila ukifungua tairi kuziba pancha, usikimbilie kukaza nati ya ekseli. Irudishe ikiwa imelegea, zungusha tairi, bana breki kwa nguvu, mwenzako aishikilie hivyo hivyo, ndipo ukaze. Brekishuu, zile mbili za ndani zinazotanuka na kusugua dramu, zinajipanga zenyewe katikati. Wengi wanaokuja kwangu wakilalamika kwamba breki ni laini kama sponji, shida yao ni hiyo, na hakuna spea ya kununua.

Halafu angalia sahani ya breki, ule mfuniko wa dramu unaobeba brekishuu, imekaa kwenye kizuizi chake cha shokapu. Ikikaa nje, siku ukibana itazunguka na tairi na kuukata waya. Hili naomba mlizingatie sana.

Binti wa Mikindani
Huku kwetu adui ni chumvi. Pikipiki ya mjomba inalala hatua chache kutoka baharini. Ukibana breki inashika, ukiachia hairudi. Tukabadilisha spring, wapi! Nikauchomoa waya, nikafunga kona ya mfuko wa nailoni juu ya ganda lake, nikatia oili na kuuning'iniza kwenye mwembe usiku kucha. Asubuhi chini palikuwa na tone zito la rangi ya kutu. Nilipoufuta vizuri nikaona nyuzi mbili zimekatika karibu na kile kidonge cha chuma cha kwenye ncha ya waya. Hapo hakuna kulainisha tena, tulinunua mpya.

Babu wa Rondo
Wajukuu, naona mko makini. Mimi naongezea jambo moja lililonitia hasara. Ajasta zote zilipoisha, nilikichomoa kile kikono cha kwenye dramu kinachovutwa na waya, nikakisogeza jino moja. Breki ikawa kali, nikajiona nimepata. Kumbe brekishuu zilikuwa zimelika karibu kufika kwenye chuma. Wiki ya pili, kile chuma kinachozitanua kikageuka kupita kiasi na kukwama huko huko. Tairi ya mbele ikafunga kwenye mchanga, nikavunjika mfupa wa bega.

Pikipiki nyingi zina mshale kwenye kikono na alama kwenye sahani. Ukibana breki mshale ukafika kwenye alama, brekishuu zimekwisha, badilisha. Na ukiwa umebana, pembe kati ya waya na kikono isizidi nyuzi 90. Ikizidi, unavuta kwa nguvu na breki haiongezeki.

Mwana wa CG, Mtwara
Shikamoo babu, pole kwa bega. Nimekwenda kuangalia sasa hivi, mshale wangu umeshapita alama. Kesho asubuhi nafungua dramu.

Fundi wa Mkanaledi
Ukifungua, lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Brekishuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hizo za mzee hatujui ni za lini. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, ukitupe. Grisi weka kidogo tu kwenye kile chuma cha kutanulia, ikifika kwenye brekishuu umeziharibu. Ukikwama, pita kijiweni na tairi yako, tutaikaza pamoja.