Mashine inawanyima wanafunzi wangu alama za majibu mafupi, nifanyeje?

Mwalimu_Kondele: Hamjambo walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Kisumu, na majaribio yetu sasa yanafanywa kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni unaosahihisha wenyewe. Maswali ya kuchagua hayanisumbui. Juzi niliuliza: "Andika kwa wingi: Ua limenyauka." Msichana mmoja akaandika "Maua yamenyauka." akaweka nukta, kama tunavyowafunza kila siku. Sufuri! Jirani yake hakuweka nukta, akapewa alama zote. Inaniuma, maana alama hizi mzazi ataziona. Nirudi kwa kalamu nyekundu? Wanafunzi ni wengi mno.

Fundi_Kakamega: Pole mwalimu. Swali la aina hiyo hulinganisha herufi kwa herufi, halijui umoja wala wingi. Kwenye jibu lako andika Maua yamenyauka* na hiyo nyota itakubali chochote kinachofuata, nukta ikiwemo. Chagua pia herufi kubwa na ndogo zisitofautishwe. Kisha agiza jaribio lisahihishwe upya. Msichana atapata haki yake bila kulirudia.

NyarAhero: Nyota nayo ina hatari, mwalimu. Ukiiweka mwanzoni, *yamenyauka, basi hata "Ua yamenyauka" litapita, na upatanisho wa kisarufi ndio uliokuwa ukiupima. Jibu lililo nusu sahihi liandike kivyake, ulipe asilimia 50. Na kila baada ya jaribio pitia yaliyopata sufuri, swali moja moja. Hapo ndipo utakuta majibu mazuri ambayo hukuyawazia.

Mwalimu_Kondele: Asante sana dada. Na "Kwa nini watu huchanganya ndimi?" nalo?

NyarAhero: Hilo usilikabidhi kwa nyota kabisa. Ukitafuta neno "msamiati", anayesema "hukosa msamiati" na anayesema "si kwa kukosa msamiati" watapata sawa. Zipo programu zinazojaribu kupima maana, kama c-rater ya ETS, shirika la mitihani kule Marekani, lakini kila swali huandaliwa kivyake kwanza. Liweke kama swali la insha, ulisahihishe mwenyewe kwenye skrini, darasa zima swali hilo hilo.

Fundi_Kakamega: Na umpe mwenzako wa idara majibu machache ayasahihishe bila kuona alama zako. Mkitofautiana, rekebisheni mwongozo kabla ya kuendelea. Kama nyinyi wawili hamkubaliani, mashine itamfuata nani?

Mwalimu_Kondele: Nimeweka nyota na kusahihisha upya. Walioponzwa na nukta ni wengi kuliko nilivyodhani. Kesho nawatangazia alama mpya kabla ripoti hazijachapishwa.